Napinga Ndoa Yangu kwa Sababu ya Mvinyo wa Alcide

Kwa Mheshimiwa Meya Loredana,
Manispaa ya Borgo Gelso.

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, mimi Zaira Montorsi, mjane, mkulima wa mizabibu, na pia mama yako mdogo (ila hilo tuliweke kando, leo nakuandikia kama raia), naweka pingamizi dhidi ya ndoa iliyobandikwa kwenye ubao wa manispaa, itakayofungwa Jumamosi hii kati ya Bwana Alcide Ferraguti na mimi mwenyewe.

Najua utacheka. Ukimaliza, endelea kusoma. Tangazo linasema mwenye sababu ya kupinga aseme mapema, na halikumkataza bibi harusi. Sababu yangu ni mvinyo, nami naieleza kama ifuatavyo.

1. Mvinyo wa akina Ferraguti ni mwepesi kupita kiasi. Wetu sisi akina Montorsi nao una povu, ila una adabu zake: ukipiga funda moja unanyamaza na kukumbuka dhambi zako. Wa kwao ni mwekundu wa cheri, unanywewa baridi, povu lake linakupanda puani, na kabla hujajua unacheka na jirani ambaye ukoo wako haujamsalimia tangu enzi za babu kwa sababu ya mtaro wa maji. Je, ni halali kinywaji kuua ugomvi ambao wazee wetu waliutunza kwa jasho?

2. Kizuri chajiuza, wanasema. Akina Ferraguti hawana hata kibao getini. Mimi ninacho, kikubwa, nimekipaka rangi kwa mkono wangu, na watu wanakipita wakinipigia honi kwa furaha wakielekea kwao. Mama yake Alcide, Bi Argia, anayekaribia miaka mia, hukaa mlangoni na kunipazia sauti, "Zaira, njoo unywe, mwanangu! Wa kwako tutautia kwenye saladi kama siki!" Nimevumilia.

3. Siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi, walinialika kula kapeleti. Unajua desturi yetu: vile vifuko vya nyama vikiisha, kila mtu humimina mvinyo kwenye supu iliyobaki katika bakuli lake mwenyewe. Kumimina kwenye bakuli la mwingine ni kazi ya mume au mke. Basi Alcide alisimama, akazunguka meza na chupa yake, akamimina kwenye la kwangu. Supu ikawa zambarau. Kijiko changu kilibaki hewani. Bi Argia akasema, "Haya, wote mmeona. Nani anakwenda kumwita padri?" Ningepaswa kukataa. Badala yake nililishika bakuli kwa mikono miwili, nikanywa mpaka tone la mwisho, kisha nikaomba jingine. Nauliza manispaa: idhini iliyotolewa povu likiwa puani ni idhini?

4. Hili ndilo zito. Tangu siku hiyo kichwa changu si changu. Hata watoto wa hapa wanajua kwamba mvinyo wa povu hutiwa chupani mwezi unapokua. Mwaka huu, baada ya Pasaka, Alcide alikuja kunisaidia kuosha chupa, amekunja mikono ya shati, anaimba ovyo. Mimi sikuangalia mwezi, niliangalia mikono. Tulipofunga kizibo cha mwisho nikatoka nje, nikauona mwezi huo, unapungua, umebaki kipande. Juzi nilifungua chupa moja. Haikulia, haikutoa hata kipovu kimoja. Alcide akaonja, akasema, "Si mbaya." Masikio yake yakawa mekundu. Mtu huyu hajui kudanganya, na ndiyo maana niliumia.

5. Kwa hiyo, Loredana, samahani, Mheshimiwa, Jumamosi meza itajaa mvinyo wao toka mwanzo hadi mwisho. Wa kwangu uko wapi? Shamba hili nimeliendesha peke yangu tangu nilipofiwa, na kila karamu niliyohudhuria nilifika na chupa zangu kwapani, hata kama walizimimina kwenye maua. Mkono mtupu haulambwi. Siwezi kuingia nyumba ya watu na mkoba tu, ninywe harusi yangu mwenyewe kutoka pipa la ukoo mwingine. Nampenda, na hapo ndipo penye shida. Angekuwa mwanamume wa hivi hivi ningeolewa naye hata kwa siki mezani, nisijali.

Naomba basi: ndoa iahirishwe hadi mavuno yajayo, akina Ferraguti waamriwe kuharibu mvinyo wao kidogo tu, kwa usimamizi wako, na Bi Argia ahamishiwe mlango wa nyuma.

Naambatanisha chupa moja ya mvinyo wangu, marehemu, kama kielelezo.

Msalimie mumeo, wanao, karani wako mwenye mafua yasiyoisha, na paka wa ofisi. Ni mimi, raia wako mnyenyekevu na mama yako mdogo wa taabu,

Zaira Montorsi

Tanbihi: Nimeshuka ghalani kuchukua kielelezo. Joto la wiki hii limefika mpaka kule chini na kuuamsha mvinyo uliolala. Nilipolegeza waya tu, kizibo kiligonga dari na povu likanivaa kifuani, kwa hiyo madoa unayoyaona hapa si machozi. Nikafungua ya pili ili kuhakikisha, na ya tatu kwa furaha. Alcide alisikia mlio akaja mbio na kiatu kimoja. Nikampa glasi. Akanywa, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Zaira, huu unashinda wangu." Nikayatazama masikio yake kwa makini. Hayakubadilika rangi.

Jumamosi usichelewe. Pingamizi nimelifuta. Kielelezo tumeshakinywa.