Bwawa la Shimo la Saba

Jumatatu, 5 Mei

Nimepata mpango. Safari hii sikosei.

Mpima amerudi kwenye ule mchezo wa kompyuta! Nimeliona jina lake asubuhi, kabla sijafungua karakana. Amecheza viwanja vitatu vya gofu na kila kimoja amekiachia maoni ya mtu aliyesomea kupima ardhi. Mteremko huu hauwezekani. Mto huu unapanda mlima, mwenye uwanja ajitafakari. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia. Tangu ahamishiwe kazi mji wa mbali sijaisikia sauti yake. Namba ninayo. Lakini huwezi kumpigia mtu simu hivi hivi tu, bila sababu.

Mpango ni huu. Mchezo una sehemu ya kujitengenezea uwanja. Nitatengeneza wangu, na kwenye shimo la saba nitaweka bwawa letu, lile la machimbo ya mawe, tulipokuwa tukikaa Jumapili yeye akirusha vijiwe. Maji yawe ya kweli hadi akose la kukosoa. Atayaona, atajua ni mimi, ataandika neno. Hapo nitakuwa na sababu.

Nimemweleza dada. Dada ni mshonaji, tunaishi nyumba moja, na hatoi pini mdomoni hata anapotoa ushauri. Akaniuliza kwani simu yangu imeharibika. Dada haelewi mipango.

Jumanne, 6 Mei

Bwawa la kwanza. Nimechora duara, nikajaza maji. Sahani ya supu iliyosahaulika mezani. Nikapanda matete kuzunguka pande zote kwa usawa. Sahani yenye ndevu.

Tena bwawa letu lilikuwa juu kilimani, na maji ya mchezo huu yamejilaza bondeni, kimo kimoja uwanja mzima. Nikatafuta, nikaona kitufe cha kuyapandisha. Nikayapandisha mpaka yakafika kilimani. Shimo la saba likapendeza! Maji yametulia, mawe yamejiinamia pembeni. Nilikaa nikiyatazama mpaka mteja akagonga meza. Alitaka fremu ya picha ya harusi. Nimeikata fupi, sehemu ya bwana harusi haiingii.

Uwanja nimeutangaza papo hapo. Furaha haingoji.

Jumatano, 7 Mei

Sikuwa nimeangalia mashimo mengine.

Yamezama yote. Kilima kimebaki kisiwa. Mchezaji akipiga mpira wa kwanza, chubwi. Wa pili, chubwi. Mfamasia wa duka la jirani, ambaye naye hutengeneza viwanja na anajiona, ameandika mbele ya watu wote: hongera kwa bahari, gofu iko wapi? Na Mpima ameweka alama ya kicheko chini ya maneno yake. Alikuwa akinichekea mimi enzi zile, na mizaha yangu ilikuwa bora.

Uwanja nimeuondoa. Kisha, kwa kujitafutia maumivu, nikaenda kutazama maporomoko ya mfamasia. Mpima ameyapa nyota tano. Ameandika, haya ndiyo maji. Maneno matatu tu, nami nimeyasoma jioni nzima. Namjua anavyoyatamka, anavyovuta lile la mwisho. Nimemkumbuka mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeingia duka la dawa nikikohoa. Hesabu yangu: mgonjwa huhurumiwa, anayehurumiwa husimuliwa, siri ya maporomoko itamtoka.

Mfamasia akauliza kikohozi kikavu au chenye makohozi. Nikasema cha katikati. Akanimiminia dawa chungu kuliko dhambi, niinywe pale pale, yeye kasimama ananitazama. Nikayasifu maporomoko yake huku machozi yakinitoka. Akavimba kwa raha. Akasema wasiojua hupandisha maji, wanaojua hushusha ardhi. Chimba kwanza, maji yatakuja yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na bwawa la kilimani? Hilo, akasema, hujazi maji ya uwanja. Unapachika kipande cha maji peke yake, kingo zake unazificha kwa mawe.

Nilipofika mlangoni akasema amefurahi kuona kikohozi kimepona haraka. Nikakohoa mara mbili za heshima.

Jumamosi, 10 Mei

Kingo! Kingo za bwawa la kweli zikoje? Sikumbuki. Nikasema nifanye utafiti. Nimechimba shimo uani, nikamimina ndoo moja baada ya nyingine na kukaa kuchunguza. Ni kweli, maji hayapendi duara. Yanaingia kila mwanya, yanajitanua penye ulaini, katikati yanakuwa meusi. Nilikuwa nikiyachunguza hivyo wakati yakiingia kila mwanya hadi chini ya mlango wa chumba cha dada.

Dada alikuwa ametandaza sakafuni vitambaa vya sare za kwaya, vimeshakatwa.

Hakunifokea. Alisema maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akasema hazungumzii haya ya uani. Nimepiga pasi vitambaa mpaka mgongo ukakataa kunyooka, naye anashona, pini mdomoni. Baadaye akaniambia kwamba siku Mpima anaondoka, kabla ya kupanda basi, alisimama pale kituoni muda mrefu kuliko mtu anayesubiri basi. Sikujua. Nilikuwa nikimhakikishia kamba za mizigo zimekaza.

Jumapili, 11 Mei

Nimemaliza. Nimechimba, nimepachika, nimeficha kingo kwa mawe. Katikati meusi, pembeni rangi ya chai. Matete nimeyaweka upande mmoja tu, ule tuliokuwa tukikaa, jua likitupiga mgongoni. Nakumbuka kila kitu.

Nimeutangaza uwanja. Ningeweza kuingiza mkono kwenye kioo nikayagusa yale maji. Nataka awe amekaa hapa. Sitaki nyota zake, namtaka yeye na vijiwe vyake.

Jumanne, 13 Mei

Amecheza!

Mashimo sita amecheza kama mtu mwenye akili. Alipofika la saba akapiga mpira majini. Akapiga mwingine majini, na mwingine, mipira yote aliyokuwa nayo, na hakuendelea na la nane. Kisha akaandika: “Haya maji nayajua. Ila matete yalikuwa upande wa pili, na jua lilikuwa machoni petu. Ndiyo maana ulikunja uso kila ukinitazama. Namba yangu ni ile ile.”

Nimesoma nimesimama. Nimesoma nimekaa. Nikamwonyesha dada. Dada akatoa pini mdomoni, zote, akazichomeka moja moja kwenye kimto chake cha pini, akachukua simu yangu mezani na kuniwekea kiganjani. Akasema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Akatoka na kunifungia mlango taratibu.

Nikaishika simu. Nikatafuta jina lake. Kidole kiko juu ya jina.

Matete upande wa pili!

Sasa mtu ataanzaje mazungumzo na mwanamke, matete yako upande usio wake?

Jumatano, 14 Mei

Nimehamisha matete. Sasa yako sawasawa. Limebaki jua. Kumbe jua la mchezo huu ni la uwanja mzima. Ukiligeuza kwa ajili ya shimo la saba, vivuli vya mashimo mengine vinaharibika, na Mpima huona vivuli kabla hajaona watu. Lazima kuna siri yake.

Simu imeita nikiwa katikati ya kuligeuza. Mikono yote ilikuwa kazini. Ilipokatika nikatazama, ni yeye. Baada ya miezi yote hii, ni yeye.

Nitampigia bwawa likikamilika, nimwambie jambo la maana.

Mfamasia hufungua mapema. Kesho nikiamka naanza kukohoa.