Kabagwira na Vita vya Rugarama Zote

Tueni mizigo, enyi wapita njia wa Remera, nanyi wauza maandazi funikeni masinia, kwani nasimulia jambo zito la mwaka wa tisini na moja, siku Kabagwira binti Kabera, simba jike wa ofisi ya ramani, alipoinuka kitini kwenda kuchagua hifadhidata. Mnacheka? Chekeni tu! Langoni lilinguruma lori la mabomba ya maji, na usukanini alikaa Twahiru wa Biryogo, mwenye amri ya kwenda Rugarama. Vilima vinavyoitwa Rugarama ni vingi nchini, lakini Rugarama yenye kiu ilikuwa ile ya komini, yaani tarafa, ya Gashora, kule Bugesera, ambako watu walikunywa dimbwi moja na ng'ombe. Kila mtu ofisini alilijua hilo. Lakini Mkurugenzi Munyaneza alikuwa ameapa mbele ya wafadhili kwamba lori halitoki ila kwa kauli ya kompyuta, na ikifika adhuhuri bila kauli, mabomba yanapewa mradi mwingine.

Nayo programu ya ramani, ole wetu, ilichora vilima kwa ustadi lakini haikujua jina la hata kimoja. Majina na kiu zake vilitakiwa kukaa katika hifadhidata, na hifadhidata ndiyo ilikuwa bado kuchaguliwa.

Wa kwanza kushuka uwanjani alikuwa Johnson, mtaalamu kutoka Kampala, amekumbatia kasha la disketi kama ngao.

"Enyi mashujaa!" alinguruma. "Nimewaletea hifadhidata ya mataifa yenye manowari! Nani atasimama mbele yake?"

Wakailisha kompyuta disketi moja baada ya nyingine. Kompyuta ikakoroma, ikashiba, kioo kikazima.

"Haikushindwa," Johnson alisema. "Imekosa mashine ya hadhi yake."

Ndipo Munyaneza, aliyesomea Ubelgiji na hakuna siku aliyowaacha wenzake wasahau hilo, akakaza tai. "Mesiye Johnson, pumzika. Yangu inasema Kifaransa, lugha ya mantiki."

Akaiuliza Rugarama. Lahaula! Nchi nzima ikawaka nukta nyekundu za kiu, toka Ruhengeri hadi Kibungo, kila Rugarama iliyoumbwa na Mungu, hata zile zenye mvua mpaka vyura wanalalamika.

"Tazameni!" alishangilia Munyaneza. "Inazijua zote!"

Honi ikalia. Twahiru akachungulia mlangoni. "Chef, gari iko moja, Rugarama iko mingi. Niende wapi? Saa sita inakaribia."

Hapo Kabagwira akapandwa na hasira, hasira ya kweli, kwani aliwahi kuliona lile dimbwi.

"Jamani, sisi ni watu wa hapa ama ni watalii? Mtu akikwambia kwao ni Rugarama, unamwacha apite? Si unamwuliza, Rugarama ya komini gani? Mbona mashine mmeiuliza nusu swali? Direkteri, unganisha komini na kilima, viwe jina moja!"

"Yangu haiguswi bila idhini ya Brussels," alijibu Munyaneza kwa fahari.

"Basi ikae na Brussels wake!"

Akachomoa silaha yake: hifadhidata ndogo, kongwe, ya disketi moja, iliyodharauliwa kwa kuwa ofisi iliitumia kupangia zamu za likizo. Vidole vikashuka kwenye vibonye, komini ikafungwa na kilima, ramani ikaamriwa itii. Johnson akashika kichwa. Mashine ikasita, ikawaza, ikawaza tena.

Ikawaka nukta moja tu. Gashora!

Twahiru hakungoja kuambiwa mara mbili. Munyaneza naye akaagiza Fanta, akahutubia juu ya ushindi wa mantiki hadi chupa zikapata joto, na Johnson akampigia makofi. Kabagwira hakusikia hata neno. Alisimama dirishani akilitazama lori likishika njia ya Bugesera, machozi ya furaha yakimtoka bila haya.

Shikeni basi, enyi vizazi, na muwasimulie wajukuu: hiyo ndiyo siku tukufu ambayo kompyuta iliwaruhusu watu wa Gashora kunywa maji.