Ombi la Kumrudisha Jaji Mezani kwa Mama Yake

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mheshimiwa,

KUHUSU: MWANANGU KUZIDISHA UHURU WA MAHAKAMA

Shikamoo, iwapo umenizidi umri. Iwapo mimi ndiye niliyekuzidi, basi marahaba, na tuendelee na shauri.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu iko mtaa wa nyuma ya mahakama, na katika chumba cha mbele nashona majoho ya majaji na mawakili. Sina haja ya kujisifu, lakini hakuna bega linaloheshimika mjini hapa ambalo halijapitiwa na futi yangu. Baba wa watoto wangu alitangulia mapema, Mungu amrehemu, nami nikawalea wawili kwa cherehani hiyo hiyo. Kifungua mimba ni jaji. Kitinda mimba, binti yangu, ni wakili. Watu wakinikuta njiani hunipongeza mpaka naona haya. Laiti wangejua yanayonipata siku ya Jumapili.

Nieleze kwanza chanzo. Jirani yangu ni muuza saruji, mtaani tunamwita Bwana Saruji, na mwenyewe jina hilo analipenda. Kwa kuwa saruji anayo na kazi ya kuipa hana, amejenga ukuta. Ukuta huo umeingia kwenye kiwanja changu na kusimama mbele ya dirisha la chumba cha kushonea. Mheshimiwa, mimi nashona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Kazi hiyo inataka mwanga wa jua. Taa haisaidii, taa inadanganya. Tangu ukuta usimame, nimekwishampa wakili mmoja joho lenye mkono uliogeuzwa ndani nje, akaenda nalo mahakamani hivyo hivyo na akashinda, lakini siwezi kutegemea bahati kila siku. Nikikosa dirisha hilo, nimekosa kazi. Binti yangu akasema twende mahakamani, tukaenda.

Sasa sikia neema ilivyotaka kuniangukia. Jalada letu lilipangwa kwa mwanangu mwenyewe! Nilirudi nyumbani nikachinja kuku. Siku ya kutajwa kesi, mwanangu akakaa, akafungua jalada, akatazama majina, akasema mbele za watu kwamba mdai ni mama yake mzazi na wakili wa mdai ni dada yake wa tumbo moja, kwa hiyo anajitoa na jalada liende kwa jaji mwingine. Halafu akaleta salamu kwamba hatakanyaga kwangu mpaka kesi iishe, maana yeye na huyo jaji mwingine wanafanya kazi kwenye ukumbi mmoja, na hataki mtu aseme neno. Jumapili tumekula pamoja watu watatu tangu wakiwa hawafikii meza. Sasa tunakula wawili, na kiti.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba amekimbia pale hasa alipohitajika. Jaji asiyenijua atataka mashahidi, atataka mpima ardhi, atataka ramani, na mpima ardhi akija atataka kivuli cha kukaa. Mwanangu hahitaji yote hayo. Mpaka wa kiwanja anaujua, kwa sababu palikuwa na mpera pale pale mpakani, naye alianguka kutoka juu yake akavunjika mkono. Kwamba mimi sisemi uongo anajua pia, kwani kila aliposema wa kwake nilimwonyesha tofauti. Angeimaliza kesi kabla ya chai ya asubuhi. Badala yake wamepewa watu wasiojua lolote, eti ndio wenye haki ya kuamua. Naomba nielimishwe: tangu lini kutokujua kukawa sifa?

2. Kuhusu salamu. Tulikutana naye ukumbini, mimi nimesimama upande huu na Bwana Saruji upande ule. Mwanangu akasema "Shikamoo mama," kisha akasema "Shikamoo mzee," akapita. Mheshimiwa, kupima ndiyo kazi yangu. Salamu zile zilikuwa sawasawa, ya kwangu haikuzidi hata upana wa kidole. Mtoto huyu nilimbeba mimba na mgongoni. Bwana Saruji amewahi kubeba nini zaidi ya saruji?

3. Kuhusu mawakili, na hasa huyu mmoja niliyemzaa. Zamani wakili akiwa na neno aligonga mlango wa jaji, akaingia, wakacheka, akatoka. Mwanangu ametangaza kwamba wakili haingii ofisini kwake bila wakili wa upande wa pili kuwapo. Sasa presha yangu ilipopanda, binti yangu akataka kumwambia kaka yake kwamba mama anaumwa. Nikadhani atapiga mbio aingie. Wapi! Akaenda kwanza kumtafuta wakili wa Bwana Saruji, wakaingia pamoja, wakainama pamoja, na yule kijana wa watu akasimama pale anasikiliza habari za presha yangu. Alikuwa wa kwanza kuniletea pole. Pole ya mwanangu ilifika baadaye, nayo ilipitia kwa karani.

Na humo ndani hawaitani kaka na dada. Ni "Mheshimiwa" na "wakili msomi." Watoto waliogombania shuka moja!

4. Kuhusu mfuko. Alipoteuliwa nilimshonea joho kwa mikono yangu, akaniomba nisiweke mfuko hata mmoja. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Mama, jaji hana cha kuweka mfukoni." Na leso je? Akipigwa na chafya katikati ya hukumu atajifuta kwa sheria?

Hapa naomba nimtaje, kwa mfano mwema, jaji mwenzake ambaye bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Huyo ndiye jaji wa watu! Alikuja kupimwa, akataka mifuko miwili, tena mirefu, akanywa chai yangu, akaongeza, akanichekesha mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Mawakili wote anawajua kwa majina ya utani. Akialikwa anakwenda, akiandaliwa anakula. Nikajisemea moyoni, kumbe inawezekana mtu kuwa jaji na bado akabaki mtu. Na kwa kuwa Mungu si Athumani, jalada langu limekwenda kwake huyo huyo. Kwa hiyo sina wasiwasi na jaji. Ninachodai ni mwanangu.

Nakiri pia, kwa vile barua ya malalamiko haifai kuficha kitu, kwamba joho la mwanangu limeletwa kwangu wiki hii kurekebishwa pindo, nami nimemshonea mfuko mmoja mdogo wa siri ndani ya bitana, upande wa moyo. Ni wa leso tu. Hatauona.

5. Kwamba ugonjwa huu unaambukiza. Kwa kuwa kiti cha mwanangu kiko wazi, na kwa kuwa jaji mwenye bega lililoshuka anapenda kula, niliona ni busara kumwalika kwangu Jumapili, akauone ukuta kwa ndani huku anatafuna. Akija atanijua mimi ni nani, na mtu ukishamjua huwezi kumdhulumu. Nikamtuma binti yangu apeleke mwaliko. Akaweka chini mkoba wake, akanitazama kama vile nimemwomba achome mahakama moto. "Mama," akasema, "ukimwalika huyo jaji, tafuta wakili mwingine." Nikamwambia chakula si rushwa, chakula ni chakula. Akasema yeye hajui chakula kitasema nini tumboni mwa jaji siku ya hukumu. Sikulala vizuri kwa jibu hilo. Huyu nilimsomesha mimi?

Baada ya kutafakari hayo yote, naomba ofisi yako tukufu itekeleze yafuatayo:

Kwanza, uhuru wa mahakama uwe na siku ya mapumziko. Mahakama yenyewe hufungwa Jumapili, makarani hupumzika, hata mihuri hulala. Kwa nini uhuru peke yake ufanye kazi bila likizo? Jaji awe huru Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi awe huru nusu siku. Jumapili awe mtoto wa mama yake.

Pili, umwamuru mwanangu achukue tena jalada langu. Ikiwa itaonekana vibaya kunipa ushindi, basi anipe akiwa amekunja uso, tena anikaripie kidogo katikati. Mimi nitavumilia.

Tatu, majaji wote wapelekwe kwa yule mwenye bega lililoshuka wakafundishwe kuishi na watu. Anayeogopa kunywa chai na wakili atamtambuaje wakili mwema?

Nne, na hili ndilo kubwa. Tunaambiwa dola ina mihimili mitatu, na kila mmoja usiuingilie mwingine. Vizuri sana. Lakini aliyewazaa waliomo katika yote mitatu hakutajwa popote. Napendekeza mama awe mhimili wa nne, na apewe mamlaka ya kuingilia yote, kwa kuwa tayari alishawahi kuivisha nepi.

Natumaini hutaniona mkorofi. Jaji mwenyewe si mtoto mbaya. Kiti chake kiko kwenye kona karibu na jiko, mahali alipopachagua mwenyewe akiwa mdogo ili awe wa kwanza kuchungulia sufuria. Nikipita hapo na sahani najikuta nimeinua mkono ili nisimgonge kichwani, na hapana mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Mheshimiwa. Ukuta nitaupigania. Kiti sijui nikipiganie vipi, ndiyo maana nimekuandikia.

Nisalimie mama watoto na watoto wenyewe, makarani wako, dereva wako, askari wa langoni, na mama yako mzazi ikiwa Mungu bado amekuachia. Huyo msomee barua hii kwa sauti, ataniunga mkono.

Wako katika haki na pindo lililonyooka,

Fundi wa majoho, mama wa jaji na wakili

Nyongeza. Mheshimiwa, barua hii niliiandika jana Jumamosi, na leo kabla sijaifunga yametokea mengine.

Tulikuwa mezani mimi na binti yangu. Kukasikika kicheko kutoka ng'ambo ya ukuta, kicheko cha mtu aliyeshiba, na nikahisi nakijua. Uani ukuta ni mfupi kidogo, nikavuta kigoda nikapanda. Nikaona meza chini ya turubai. Nikamwona Bwana Saruji anamimina mchuzi kwa mikono yake. Na aliyeketi mbele yake, amenipa mgongo, ameshika paja la kuku, alikuwa na bega la kushoto lililoshuka. Bega hilo nimelipima mimi. Hakuna mwenzake mjini hapa.

Nilishuka. Binti yangu akapanda na gauni lake la Jumapili, akatazama, akashuka, akanawa mikono, akakaa kuandika maombi ya kumtaka huyo bwana ajitoe. Hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema.

Mheshimiwa, mtu atahukumuje ukuta huku midomo yake ina mafuta ya mwenye ukuta? Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Kisha nikakumbuka kwamba mwaliko ule ule niliuandaa mimi, tena nilishafikiria hadi kuku; ila Bwana Saruji hana mtoto wakili wa kumkatalia. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimeona haya peke yangu jikoni, na sasa naona haya mbele yako.

Kwa hiyo naomba ufute la kwanza, la pili, la tatu, na ule mhimili wa nne uuache kwanza. Mwanangu asilishike jalada langu hata nikija kulia langoni kwako. Nitafutie jaji asiyenijua mimi, asiyemjua Bwana Saruji, na ikiwezekana asiyependa kuku. Akipatikana aliye kama mwanangu, ila hakuzaliwa na mimi, nitashukuru zaidi. Mpima ardhi naye aje, kivuli nitamwekea.

Yule mwenye bega mwambie alete joho lake. Ile mifuko miwili nitaishona mdomo bure.

Mfuko wa siri nimekwishaufumua mchana huu, kwa wembe, polepole, mwanga ukiwa ndio huo mdogo, na joho la mwanangu limerudi kuwa kama alivyolitaka. Kiti chake kikae kitupu mpaka kesi iishe. Kuzoea sijazoea, lakini kikae.