Chagua Kandambili ya Waya

Jumatatu, 8 Septemba

Jipu. Tako la kushoto. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Nyamvula, mke wangu, asema nagumia usiku kucha na yeye ana mahamri ya kukanda alfajiri. Amenipa hiari: zahanati, au nilale jikoni na masufuria. Nikaenda zahanati.

Kwetu Mtopanga zamu hushikwa na viatu. Asubuhi na mapema wapanga viatu vyako barazani, vyenyewe vinakaa foleni, wewe warudi nyumbani peku kunywa chai. Ustaarabu mkubwa. Nyali kwa matajiri hawana! Nikaweka kandambili zangu za bluu, ile ya kushoto ukanda umefungwa waya. Mbele yake, kama kawaida, makubadhi mapya ya ngozi ya kahawia. Ya Odhiambo, jirani yangu, fundi wa kuchomelea. Mtu wa bara na makubadhi! Chuma cha moto kilimwangukia mguuni, sasa yuadungwa sindano kila siku. Akichechemea, watu wampa pole njia nzima. Mimi siwezi hata kuonyesha panaponiuma.

Barazani kuna bango jipya: HAKI ZA MGONJWA. Nusu ya chini imezibwa na kabati, lakini nusu ya juu yatosha. Haki ya kuheshimiwa. Haki ya siri. Haki ya maoni ya daktari wa pili. Haki ya kukataa matibabu. Miaka yote hii mimi ni sultani na sijaambiwa!

Nikiwa bado nasoma, Sista Valarie akatoka mlangoni na kuita Changawa wa jipu. Kwa sauti ya kuuza samaki. Baraza zima likageuka. Velma, niliyemtafutia chumba kisichovuja, alicheka mpaka akashika ukuta. (Chumba kinavuja kidogo tu.)

Daktari Tsofa akatazama, akasema litumbuliwe leo leo. Nikakiona kisu kwenye sahani. Kidogo, kinang'aa. Nikadai maoni ya pili. Akasema vyema, ni haki yangu, nimwone mwenzake kule Junda. Junda mbali. Maoni ya pili nimeyachukua kwa Rama wa supu. Yeye asema kitunguu kilichochomwa.

Habari kubwa: Jumamosi wagonjwa watachagua mwakilishi wao. Atapewa fulana, na daktari atakuwa akimsikiliza. Kumsikiliza! Mwakilishi akisema hataki kisu, nani atathubutu? Nagombea. Odhiambo naye anagombea. Ningeshangaa asingegombea.

Jumanne, 9 Septemba

Kitunguu kimeshindwa. Nyumba yote yanuka pilau na hakuna pilau.

Nimepeleka malalamiko rasmi. Nikamweleza Sista Valarie kwamba kumwita mtu kwa jina na ugonjwa wake mbele ya umati ni kuvunja haki ya siri. Akaniuliza basi aite nini, apige mbinja? Nikamwambia viatu viko pale pale, aite viatu! Wagonjwa wakapiga makofi. Mama mmoja alisema huyu ndiye mtu wetu. Daktari akatoka, akasikiliza, akasema tujaribu. Kuanzia kesho hakuna majina, hata kitabuni wataandika kiatu.

Nimetembea kurudi nyumbani kama mheshimiwa. Nimeegemea upande wa kulia.

Jumatano, 10 Septemba

Sista akaita kandambili za bluu. Wanaume saba wakasimama. Mtopanga nzima inavaa kandambili za bluu, sikuwa nimefikiria hilo. Wakasukumana mlangoni. Basi akarekebisha, akaita kandambili ya bluu yenye waya. Nikaingia peke yangu. Jina langu halikutajwa. Ushindi!

Niliomba vidonge vya maumivu tu. Daktari akasema vidonge ni kupoteza wakati, jipu limeiva, litumbuliwe. Nikatumia haki ya kukataa matibabu. Akaniletea kitabu nitie sahihi: kandambili ya waya imekataa matibabu, isiingie tena mpaka ikubali kisu. Nikatia sahihi kwa mbwembwe, na mstari chini yake.

Nikitoka, watoto wa Velma wakaniamkia shikamoo Kandambili ya Waya. Kumbe nimeshakuwa maarufu. Nimeshika hapo hapo, hiyo ndiyo alama yangu. Mchana kutwa nimepita Mtopanga nyumba kwa nyumba: Jumamosi chagua kandambili ya waya! Watu wanaipenda. Fupi, inakaa kichwani.

Alhamisi, 11 Septemba

Maumivu yamefika kisogoni. Vidonge nimevikosa maduka yote, kila muuzaji anataka karatasi ya daktari. Na kandambili ya waya imefungiwa mlango kwa sahihi yangu mwenyewe.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Wao hawaiti watu. Waita viatu! Nikaingia barazani mapema, makubadhi ya Odhiambo mbele kabisa, mwenyewe ameenda kunywa chai. Nikayavaa. Yananitosha. Kandambili zangu nikaziacha mwisho wa foleni. Sista Valarie hayupo leo, yuko Sista Vivian, mgeni, hamjui mtu. Yaani kila kitu kilinyooka.

Akaita makubadhi ya kahawia. Nikaingia na kuomba vidonge. Akafungua kitabu, akasema makubadhi ni sindano, nilale kifudifudi. Nikalala. Nikaziba kushoto kwa mkono, akadunga kulia. Sindano nzito ile, inaingia kama uji. Sasa kushoto jipu, kulia sindano, katikati mimi.

Nikatokea mlango wa nyuma na makubadhi miguuni. Mambo ya kandambili nitayaangalia baadaye.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyamvula ameleta habari za jirani. Odhiambo jana hakuona makubadhi yake. Akasubiri mpaka watu wote wakaisha, zikabaki kandambili zenye waya peke yake. Sista Vivian akafungua kitabu, akamwambia huyu amekataa matibabu, sahihi hii hapa, na mstari chini yake. Akamfukuza. Odhiambo akarudi nyumbani na kandambili zile kwa kuwa hana nyingine. Leo mguu umevimba, kazini hakwenda. Nyamvula amempelekea uji. Uji wangu!

Nilikosa raha kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyevimba mguu hawezi kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura.

Nikaenda kwa daktari na wazo la kura ya siri. Wagombea wasitajwe majina. Viatu vyao vipangwe mezani, kila mgonjwa apite na kifuniko cha soda, akiweke mbele ya viatu anavyovitaka. Alifurahi sana. Akasema nina kichwa. Mtopanga nzima sasa inaimba kandambili ya waya. Makubadhi nimeyasukuma chini ya kitanda, nyuma ya ndoo.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi.

Nilitoka mapema na viatu vyangu vyeusi vya kanisani. Mpango: nizichukue kandambili kwa Odhiambo kwa maneno matamu, nimwambie nimesikia amebaki nazo. Sikumkuta kwake. Alishafika mkutanoni, amekaa, mguu mmoja juu ya kiti, umefura. Na kandambili zangu ziko miguuni pake.

Sista Valarie akakusanya viatu vya wagombea. Yeye akavua kandambili. Mimi nikavua vyeusi. Mezani vikakaa viatu vya kanisani ambavyo hakuna aliyewahi kuvisikia, na pembeni yake kandambili ya waya ambayo nimeinadi wiki nzima kwa mdomo wangu.

Vifuniko vikaanza kulia. Ka, ka, ka. Vyote upande ule. Velma akaweka chake, akanikonyeza, ati amenitendea wema! Rama wa supu naye. Mama yule wa makofi naye. Mbele ya vyeusi hakuna hata kimoja. Mke wangu mwenyewe, aliyeleta mahamri ya chai, akapita na kifuniko chake na kukiweka kwenye waya.

Nilivumilia nikashindwa. Nikaruka nikapiga kelele kwamba kandambili zile ni zangu! Kura ni zangu!

Odhiambo hata hakusimama. Akauliza kwa upole, kwa Kiswahili chake kile cha bara, basi buda, makubadhi yangu yako wapi?

Nikasema sijui, labda mbwa. Nyamvula akainua kitambaa cha kapu la mahamri na kuyatoa. Alikuwa akifagia chini ya kitanda. Akayaweka mezani katikati, taratibu. Sista Valarie akafungua kitabu cha Alhamisi, akasoma kiatu gani kilipata sindano na kipi kilifukuzwa. Daktari Tsofa hakucheka. Alinitazama, akasema mtu yule angeweza kupoteza mguu. Watu wakaacha kucheka pia.

Nikataka kudai haki. Nikaligeukia lile bango. Kabati limehamishwa kupisha mkutano, na nusu ya chini sasa iko wazi: WAJIBU WA MGONJWA. Kusema ukweli kwa mhudumu. Kuheshimu zamu ya mwenzako. Wameyaandika usiku, naapa! Wameyaandika kwa ajili yangu.

Kwa hasira nikakaa kwenye benchi. Nikasahau. Nikakaa kwa nguvu zote, kushoto.

Mlio ule hata mimi sikujua ni wangu. Wakanibeba. Daktari akaniuliza, kama bango linavyotaka, je, nakubali kutumbuliwa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Ilikuwa zamu ya Odhiambo, sindano yake. Alikuwa ameshachaguliwa, vifuniko vyote vimehesabiwa vyake, na kazi yake ya kwanza ya uwakilishi ikawa kusema mimi nitangulie. Hongo ya wazi.

Jumapili, 14 Septemba

Kutumbuliwa hakuumi sana. Nimemwambia Nyamvula kwamba nilijua tangu mwanzo. Yeye akaendelea kukanda mahamri.

Jioni Odhiambo akaniletea kandambili zangu. Ameutoa ule waya, ameunga ukanda upya, safi, huwezi kuona palipokatika. Akasema pole jirani, ugua pole. Akaenda zake na makubadhi yake.

Nimefikiria sana. Sasa ni nani ataijua kandambili yangu? Mtu ameniharibia alama yangu ya uchaguzi na mke wangu anamwita muungwana!

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika nimesimama, barazani zahanati. Leo nafungwa bandeji mpya. Nimeamka mapema kuliko wote, na bado kuna aliyenitangulia: makubadhi ya kahawia, mbele kabisa, mwenyewe ameenda kunywa chai. Kabati limerudishwa mahali pake. Haki zote ziko juu, zasomeka vizuri.

Sista wa leo simjui. Ni mgeni.

Nimetazama huku, nimetazama kule. Si kwa kuiba, nimeyapima tu. Bado yananitosha.