Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Mahari ya Mwanvua

Jumatatu, 8 Mei 1911
Habari njema! Mwingereza mmoja mkusanya vipepeo anateremka ziwa kutoka Usumbura. Ijumaa atashuka hapa Rumonge kununua chakula, na mkalimani wake kabaki nyuma na homa. Ijumaa hiyohiyo Hadji Ramazani atachagua mume wa binti yake Mwanvua: mimi au Swedi, mchonga mitumbwi. Swedi anajua salamu tatu za Kidachi, lugha ya serikali ya Wajerumani, na Hadji huzisifia mno. Basi mimi nitakuja na Kiingereza. Bado sikijui, lakini siku nne ni nyingi.

Jumanne, 9 Mei
Nimekwenda kwa Bakari, aliyewahi kumpikia mmisionari Mwingereza kusini mwa ziwa. Kasema nisihangaike na maneno mengi. Waingereza wana kitenzi kimoja, "teki", kinachobeba mzigo wa vyote. Maana yake kuchukua. Lakini kunywa chai nako ni teki. Kumeza dawa, teki. Kuketi, kushika njia, kupumzika, teki tu! Ada yake kikapu cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa kila maana. Nimenunua sita. Mama anauliza ndagala aliowaanika wamekwenda wapi. Nimewasingizia kunguru.

Jumatano, 10 Mei
Mazoezi. Nimemwambia mama teki kiti, teki uji, teki dawa. Kanishika paji la uso kuona kama nina homa. Swedi kapita na tezo begani, nikamwambia teki njia. Kaitikia amahoro, yaani amani kwa Kirundi, na kwenda zake. Wivu huo!
Nimepata wazo kubwa. Mahari iko tayari: mbuzi wawili na jora zima la merikani, jasho la miaka miwili. Nitaipitisha ufukweni saa ileile Mwingereza akiwapo. Hadji ataona mali na elimu kwa pamoja. Swedi atabaki na salamu zake.

Ijumaa, 12 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.
Baada ya swala mji mzima ulikuwa ufukweni. Mwingereza, mtu mrefu mwekundu, kashuka. Nikamwonyesha gogo: teki! Kaketi. Nikampa chai: teki! Kanywa. Hadji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona mkwe kabisa.
Kisha Mwingereza kawaona mbuzi wangu, kawashika mgongo, kawasifia. Sasa, kwetu mgeni akisifia kitu unamwambia chukua. Naye husema a-a, kaa nacho. Unamsihi tena, anakataa tena, kila mtu anaonekana muungwana na kitu kinabaki kwako. Mtoto mdogo analijua hili. Basi nikasema kwa madaha: teki!
Kanishika mkono, kawaita wapiga makasia wake. Nikangoja akatae. Hakukataa! Mbuzi wakaanza kuburutwa. Nikapunga mikono kumzuia, lakini neno nililokuwa nalo ni moja tu. Teki! Teki! Kila nilipopiga kelele alizidi kushukuru. Kachukua na jora. Swedi, kwa adabu zake zile, kawasaidia kupakia mbuzi.
Hadji hakupandisha sauti. Kasema mbele ya wote: "Mutu anayegawa mahari ya mutoto wangu kwa mupita njia, kesho atagawa mutoto mwenyewe."
Kamchagua Swedi.

Jumamosi, 13 Mei
Sikutoka ndani. Bakari kaja kunipa pole, kala chakula changu cha mchana.

Jumatatu, 15 Mei
Nimekutana na Mwanvua kwenye mchanga wa kuanikia ndagala. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Kasema: "Mimi nilishamwambia baba nataka weye, na alishakubali. Ungekaa kimya tu, Shafii."
Alishakubali! Kabla ya Kiingereza, kabla ya yote. Moyo umeniuma, na nimelia nyuma ya mitumbwi kama mtoto.
Kisha nimekwenda kwa Bakari. Anasema kosa langu ni kununua kitenzi nusu. Kuna mwenzake, "givi", na huyo ndiye hurudisha vitu. Ana maana saba, na bei imepanda kidogo. Nimechukua zote. Wanasema Mwingereza atarudi kwa njia hii mwezi ujao, siku chache kabla ya harusi. Nitamngoja palepale ufukweni, watu wote wakiwapo. Safari hii nitaanza kwa sauti kubwa zaidi.