Matakia ya Rosalba

Jumatatu, 20 Aprili

Miss Eulalie kapiga simu kutoka Brooklyn. Anafika Jumapili kwa feri ya mchana. Anataka kulala ndani ya Rosalba, boti yake ya matanga, ambayo mtunzaji wake ni mimi. Kaongeza jambo moja tu. Mwaka jana matakia ya ndani yalinuka ukungu. Yakinuka tena, funguo anampa Gifford.

Gifford Enoe! Boti tatu anazitunza tayari. Anapiga mluzi kutwa. Shati lake halijawahi kuwa na doa.

Nimepiga makasia mpaka kwenye boti. Sikuwa nimeifungua tangu Krismasi, siku niliyofunga kila kidirisha kwa nguvu zangu zote ili unyevu usiingie. Nikavuta mlango. Harufu ikanirudisha hatua mbili nyuma. Matakia manane, na yote yameota madoa ya kijani na meusi.

Gifford alikuwa boti ya jirani. Kachungulia, kanifundisha bila kuombwa. Eti boti iliyofungwa kabisa huoza kwa jasho lake yenyewe. Eti niache vidirisha wazi kidogo, upepo upite, na matakia niyasimamishe kwa ubavu. Haya yaliyokwisha kuharibika niyavue foronya, nipige brashi, nisuuze kwa maji ya mvua, sponji nikaushe kivulini siku mbili. Nimemshukuru sana. Sitafanya hata moja. Mtu anayeitaka kazi yako atakufundishaje kuifanya?

Naandika ukweli hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Funguo zile nazivaa shingoni. Kwa ajili yazo kijiji kizima cha Tyrrel Bay kinaniita Kapteni. Nikinyang'anywa, mimi ni Alban tu, miaka arobaini na sita, mpwa wa Tante Ionie, ninayelala chumba chake cha nyuma. Linaniuma hata kuliandika.

Jumanne, 21 Aprili

Mpango wa kwanza: kungumanga. Nimekwangua kumi na mbili, nikanyunyiza chini ya matakia. Saa moja baadaye boti ilinuka keki iliyosahauliwa kabatini tangu msiba wa mtu. Nimefuta mpango.

Mpango wa pili ulihitaji maji. Hapo pana mtihani. Mvua ya mwisho ilinyesha Februari, tena ya kudanganya. Tangi letu analilinda Tante Ionie, dada wa marehemu mama yangu. Analipima kwa fimbo yenye alama, asubuhi na jioni. Nimeomba ndoo sita. Kaniuliza kama hayo matakia yana kiu kuliko mbuzi wake. Nimeomba mbili. Kaenda kuchukua fimbo, na sikungoja kujua ni ya kupimia maji au ya kunipimia mimi.

Ndipo akili ikafanya kazi. Boti imezungukwa na nini? Maji! Bahari nzima, haina fimbo, haina shangazi wala mama mdogo. Nimetumbukiza matakia yote nane, sponji na foronya zake, nikasugua mpaka madoa yakaisha. Sabuni ilikataa kutoa povu, lakini sikujali. Nikaanika juani. Kufika saa nane yalikuwa makavu kauu. Foronya zinakwaruza kidogo, kama dagaa. Si neno.

Nimempungia Gifford mkono. Kapiga mluzi. Sikuupenda ule mluzi.

Jumatano, 22 Aprili

Matakia yameloa. Yote nane. Jana nimeyaacha makavu, mvua haikunyesha, bomba halivuji.

Kuna mtu anayamwagia maji. Sitaji jina. Anapiga mluzi.

Nimeyaanika upya, yakakauka. Kabla ya kuondoka nimenyunyiza unga wa mahindi sitaha nzima. Akikanyaga tu, nimempata.

Alhamisi, 23 Aprili

Yameloa tena. Kwenye unga kuna nyayo za shakwe, na nyingine kubwa za binadamu. Nimezipima kwa makini. Ni zangu.

Nimekwenda kwa Gifford hata hivyo. Nikamwambia najua yote. Alikuwa anakula. Kauliza yote yapi. Nikamwambia anayajua. Kafikiri kidogo, kanikaribisha mkate na samaki. Nimekula, ila kwa uso wa hasira.

Nimebeba takia moja nyumbani kama ushahidi. Tante Ionie kaligusa kwa kidole, kakiramba kidole. Kisha kacheka mpaka kashika mlango.

“Umeyaosha baharini, Alban? Wewe, mtoto wa kisiwa?”

Anasema chumvi ikibaki kwenye sponji inavuta umande. Nianike mpaka Mtakatifu Petro ashuke na funguo zake mwenyewe, kila asubuhi nitayakuta yameloa. Dawa ni maji ya mvua. Nikamwambia basi anipe ya tangini. Kasema ya tangini ni ya kunywa watu. Ya matakia nikaombe kesho pamoja na wenzangu kwenye maruni.

Maruni! Karamu ya kuomba mvua. Wamepika mwaka jana, wamepika mwaka juzi, na mvua ikaja ilipotaka yenyewe. Miss Eulalie anakuja Jumapili.

Ijumaa, 24 Aprili

Mpango wa tatu. Huu ni wa kitaalamu. Mwili wa binadamu una joto. Nguo zinanyonya. Kwenye maruni wazee wanakaa kwenye mbao ngumu kutwa nzima. Kwa nini wasikae kwenye matakia yangu, wakanikaushia na kunitolea chumvi kwa mara moja?

Nimeyapanga kwenye mabenchi, nikatangaza ni heshima kwa wazee. Wameniombea baraka. Nimeona aibu kidogo, nikala nyama ya kondoo, ikapita.

Masufuria yalikuwa yanachemka kwenye mafiga, ngoma zinalia, Tante Ionie kamimina maji na ramu ardhini kuwakumbuka waliotutangulia. Mzee Cosmore kainuka kucheza. Suruali yake ilikuwa imeloa nyuma, duara zima. Kajishika, katazama huku na huku, kaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeona chochote. Nikamwambia sijaona. Kaenda nyumbani akiwa amejibanza ukutani.

Saa tisa wingu likaja kutoka mashariki. Halikubisha hodi. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Watu wakaimba, wakakimbilia barazani. Mimi nilifika wa kwanza. Kugeuka, matakia yangu yako uani yanapigwa na mvua! Nikapiga kelele yaletwe ndani haraka. Tante Ionie kanikamata kola, kaniambia ninyamaze. Katoka mwenyewe mvuani, kafungua zipu, katoa sponji, kaanza kuzikanyaga kwa miguu mitupu. Kila akikanyaga anachota maji yanayotoka, anaonja, anatema, anakanyaga tena. Gifford kakunja suruali, kaingia kumsaidia. Walikanyaga saa nzima, mpaka Tante akaonja na asiteme.

Mimi nilisimamia kutoka barazani.

Jumamosi, 25 Aprili

Gifford kayasimamisha matakia kwa ubavu katika banda lake, upepo unapita kati. Ni mepesi, hayakwaruzi. Nimemuuliza ana lengo gani. Kasema boti tatu zimemvunja mgongo, ya nne hata apewe bure hataki. Kaniambia amechoka kunusa ukungu wa Rosalba akiwa kwake.

Nimehisi kitu hapa kifuani, kama shukrani. Lakini sijamwamini.

Jumapili, 26 Aprili

Matakia nimeyarudisha botini alfajiri. Feri ilifika. Miss Eulalie kashuka moja kwa moja hadi ndani ya boti, hakuvua hata kofia ya kanisani. Tante Ionie na Gifford walikuja kumsalimia. Kainua takia, kabandika pua, kakaa hivyo muda mrefu. Nilishika funguo shingoni kana kwamba ndiyo mara ya mwisho.

Kainua uso, macho yana machozi. Kasema yananukia mvua. Yananukia nyumba ya mama yake, siku za mvua ya kwanza. Kauliza nani kafanya kazi hii.

Nikamwambia, Miss Eulalie, kazi ni kazi.

Tante Ionie alikohoa. Gifford alitazama dari. Funguo zimebaki shingoni mwangu. Leo nalala Kapteni.

Jumatano, 29 Aprili

Miss Eulalie kaondoka asubuhi. Kaniachia agizo moja: akirudi mwakani aikute harufu ile ile.

Nami si mtu wa kupuuza agizo. Nimeyalaza matakia yote nane. Nimefunga kila kidirisha kwa nguvu zangu zote, kisha nikabandika utepe wa gundi kwenye kila upenyo, hata tundu la ufunguo. Harufu nzuri kama ile ukiiachia mwanya inatoroka.

Gifford alikuwa akinipigia kelele kutoka boti ya jirani, habari za upepo. Nimempungia mkono. Masikini, wivu unamsumbua bado.