Mimi, Mwanyumba na Gari Moja

Jumatano, 5 Novemba

Sijatulia tangu asubuhi. Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena. Chai nimeinywa nikiwa nimesimama. Mhudumu wa hoteli kaniuliza kama nimepoteza kitu. Nimemjibu bado.

Mambo yenyewe ni haya. Msimu mzima wa rali ya kimataifa ya daraja la pili umebakiza mashindano haya tu, na mimi na mwanyumba wangu tuko sawasawa kwa pointi. Mwanyumba ni huyu aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Angeweza kuoa popote duniani! Magari yetu yote mawili ni ya baba mkwe, muuza matairi, naye juzi alituita sebuleni akatamka kwamba biashara imelala, mwakani atabaki na gari moja. Atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye atakayeliendesha. Yule mwingine, alisema, asihofu, dukani kuna kazi ya kupanga matairi.

Mimi! Kupanga matairi! Mwanyumba akaitikia kwamba hewala, baba, kwa ile sauti yake ya mkwe mwema. Nilitamani nimmwagie soda.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo tumepita njia polepole kuandika noti. Mimi natamka kila kona ilivyo, dada yangu aliyekaa pembeni anaandika, na siku ya mbio ananisomea. Ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo hata kona huzisoma kama ananikumbusha kunawa miguu.

Barabara ni changarawe tupu, zimelala juu juu kama karanga zilizomwagwa. Gari la kwanza linateleza na kuzisukuma pembeni, la nyuma linakuta njia safi. Na kesho anayetangulia ni nani? Mimi, eti kwa kuwa nimeshinda mara nyingi zaidi msimu huu. Yaani nishinde, halafu niwe mfagizi wa mwanyumba!

Dawa nimeipata. Kesho nitachelewa makusudi kwenye meza ya muda, pale kila gari linapogongewa kadi kwa dakika yake kabla ya kuanza mbio. Dakika ya kuchelewa inatozwa sekunde kumi tu. Kwenye njia chafu ningepoteza zaidi ya hizo. Mwanyumba atanipita, atafagia, nami nitafuata nyuma kama bwana harusi. Dada kauliza, na mvua ikinyesha je? Nimemwambia aache mikosi. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu.

Ijumaa, 7 Novemba

Watu wabaya!

Nilisimamisha gari hatua chache kabla ya meza, nikashuka, nikajifanya nakaza nati za tairi. Nakaza, nalegeza, nakaza. Mwanyumba akatokea. Badala ya kupita, akasimama nyuma yangu na kushuka na spana. Naye ana nati! Nikamwuliza kulikoni. Akasema tairi lake linapiga kelele asizozielewa. Akaniuliza langu je. Nikasema hata langu halijisikii vizuri. Tukachuchumaa hapo wawili, kila mmoja akimchungulia mwenzake.

Nikamwambia atangulie tu, mimi bado nina kazi. Akajibu kwamba hawezi, mimi ndiye niliyeoa mkubwa. Heshima! Miaka yote hii, leo ndiyo kaikumbuka!

Dada akapiga honi. Mama wa meza ya muda, aliyekaa chini ya mwavuli wake, akatuuliza kama tunahitaji fundi au mshenga. Ndipo akapita Daktari wa Meno. Huyu bwana hung'oa meno ya watu mwaka mzima na kucheza rali wakati wa likizo, na ndani ya gari hubeba chupa ya chai. Akatupungia, akatoa kadi yake mezani, akaenda zake.

Mwishowe akashindwa mwanyumba. Msomaji wake alimfokea, akapanda gari kanuna, akatangulia. Nimeshinda! Nilikuwa bado nacheka pale mvua iliposhuka. Ilitoka wapi, sijui. Yeye alipita wakati changarawe zimelowa na kushikana. Mimi nikakuta tope alilolikoroga. Kona mbili nimezipita kwa ubavu, moja kwa nyuma. Dada alisoma noti zote hadi mwisho, kisha akaendelea kusoma mengine ambayo sikumtamkia.

Anayeongoza ni Daktari wa Meno. Mwanyumba yuko mbele yangu kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba mkwe amefika, kavaa koti la mvua hadi magotini. Nilimpa shikamoo mara mbili, moja kwa bahati mbaya.

Usiku kucha nimegeuka kitandani, nikapambazukiwa na akili mpya. Njia ikilowa, wa mbele ndiye anayefaidi! Basi leo ni kuwahi. Niliondoka gereji mbio. Mwanyumba aliponiona naye akatoka mbio. Tukafika mezani tumebanana, nusura tumbebe mama na mwavuli wake.

Kumbe kuwahi kunatozwa dakika nzima kwa kila dakika. Nani alitunga sheria hii? Dunia nzima mtu anayewahi anasifiwa! Dada anasema aliniambia barabarani, tena kwa kelele. Nilidhani anasoma kona.

Tukatozwa wote wawili. Na jua likatoka. Baba mkwe alikuwa kasimama pale pale pembeni ya meza. Mama wa mwavuli alimwuliza kama anawafahamu hawa vijana. Akasema hapana.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa bendeji.

Hatua ya mwisho. Leo sikupanga lolote, naapa. Niliendesha tu, na niliendesha vizuri. Dada hakunigombeza hata kona moja, kitu ambacho hakijatokea tangu nizaliwe. Tukavuka kilima, na nani yuko mtaroni? Mwanyumba! Gari limeinama, yeye kasimama juu ya ukingo kashika kiuno. Gari la mwakani lilikuwa langu. Nilichotakiwa kufanya ni kupita.

Nikapunguza kidogo ili nimpungie. Kidogo tu! Mkono mmoja ukatoka kwenye usukani, tairi la mbele likakamata changarawe za pembeni, tukaenda kulala kwa ubavu mita chache mbele yake. Vumbi likatua. Dada kimya. Nikamwita, kimya. Hapo moyo uliniruka kwelikweli; nilisahau gari, nilisahau baba mkwe, nilimshika bega nikamwita kama mtoto. Akafunua ukurasa wa noti, akasoma kwa sauti ileile: mtaro, kushoto, mrefu.

Nililia. Nimemwambia ni vumbi.

Mwanyumba alikuja kutusaidia kutoka. Tukakaa ukingoni wote wanne. Daktari wa Meno akapita, akatupungia, akaenda kuchukua ushindi.

Jumanne, 11 Novemba

Sebuleni kwa baba mkwe. Katukalisha kochi moja, mimi na mwanyumba. Kasema kwa kuwa wote tumeishia mtaro mmoja, mwakani tutapanda gari moja. Mwanyumba ataendesha, maana yeye alianguka peke yake, mimi nilianguka nikimtazama. Mimi nitamsomea noti. Na siku zisizo na mbio, tutapanga matairi wote.

Mwanyumba akasema hewala, baba. Nami nikasema hewala, baba. Dada naye ananiacha: Daktari wa Meno kamwomba amsomee mwakani, na alikubali kabla daktari hajamaliza kuomba.

Nilizunguka ua wa nyumba mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepewa dawa ya minyoo. Halafu likanijia! Msomaji ndiye mwenye gari! Dereva anajua anachoambiwa tu. Baba mkwe huwa anasimama penye kona kali ili aone vizuri. Tukifika hapo, mimi nasema kona laini, kanyaga. Mwanyumba anaingia mtaroni mbele ya macho ya mzee, ananyang'anywa usukani, napewa mimi.

Nimempigia dada kumweleza. Kauliza wakati huo mimi nitakuwa wapi.

Maswali mengine bwana! Si palepale, kiti cha pembeni. Nataka kuuona uso wa mwanyumba kwa karibu.